Mji, Pindo na Jina: Namna Rangi Zisizo na Sura Zinavyobeba Hamu, Furaha na Kwetu

Tandaza kanga sakafuni uitazame kana kwamba hujawahi kuiona. Pande zote nne imezungukwa na pindo. Katikati kuna mji. Chini ya mji, mara nyingi ndani ya kisanduku chembamba, kuna jina. Mji unaweza kuwa na korosho, madoa, miale, au duara moja kubwa lenye vipande vinne pembeni, na kanga nyingi hazina mtu, mnyama wala nyumba. Hata hivyo, aliyekulia pwani akiishika kanga ya mama yake baada ya miaka mingi ughaibuni hahitaji kuelezwa anachokiona. Rangi na mpangilio vimeshamfikisha.

Hiyo ni sanaa dhahania, yaani kazi ambayo rangi, umbo, mstari na nafasi tupu vinasema bila kulazimika kufanana na kitu. Wengi wetu tumeivaa, tumebebewa ndani yake, tumefunikwa nayo tukiwa na homa. Ila tukiingia kwenye maonyesho ya uchoraji na kukuta mapande ya rangi yametundikwa ukutani, tunauliza, "Hii ni nini?" na kwa sababu hakuna jibu tunaondoka. Swali linalofungua mlango ni jingine: hizi rangi zinafanyiana nini? Mchoraji anayetaka kuweka hamu, furaha au hisia ya kuwa kwao ndani ya picha isiyo na sura anafanya kazi na uhusiano huo, na uhusiano huo una kanuni zinazoweza kujifunzwa kwa mikono.

Rangi hubadilishwa na jirani yake

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, hasa zinapofumwa kando ya bluu na zambarau. Chevreul alizilinganisha na nyeusi za viwanda vingine akakuta hazina kasoro. Kilichokuwa kikizipunguza nguvu ni rangi zilizokuwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake, na wachoraji wa Ulaya wamekuwa wakiyatumia tangu hapo.

Unaweza kulithibitisha jambo hili kwa mkasi. Kata vipande viwili vya karatasi moja ya kijivu, kila kimoja sentimita 3 kwa 3. Weka kimoja katikati ya karatasi nyekundu ya sentimita 15, kingine katikati ya kijani. Kijivu kilicho juu ya nyekundu kitaelekea ukijani. Kilicho juu ya kijani kitaelekea uwaridi. Jicho halipimi rangi kama mizani inavyopima sukari. Linalinganisha, na kila rangi humsukuma jirani yake kuelekea rangi iliyo kinyume nayo: nyekundu husukuma kuelekea kijani, bluu kuelekea rangi ya chungwa, njano kuelekea zambarau.

Kwa hiyo kauli kama "njano ni furaha" au "bluu ni huzuni" hazimsaidii mchoraji. Rangi ya chungwa ikilazwa kando ya nyekundu nzito hutulia kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Rangi hiyohiyo, kutoka kopo lilelile, ikiwekwa kando ya bluu iliyokolea huwaka na kusukuma mbele. Moja inaweza kubeba kumbukumbu ya jiko la jioni, nyingine ni kengele.

Kila rangi ina vishikio vitatu. Kuna aina yake: nyekundu, kijani, bluu. Kuna mwanga wake: iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Na kuna ukolevu wake: ni kali, au imepoa kuelekea kijivu. Wanaoanza hushughulika na kishikio cha kwanza tu, na hapo ndipo kazi nyingi zinapokwama.

Hamu

Kiswahili kinalo neno zuri kwa jambo hili. Hamu ni shauku ya kukipata kitu, na kwenye kamusi neno hilohilo lina maana ya majonzi pia. Neno la Kizungu, nostaljia, liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki ya kurudi nyumbani na maumivu. Alikuwa anaeleza ugonjwa wa watu walio mbali na kwao. Tangu mwanzo, basi, hamu ni kitu chenye pande mbili, utamu na uchungu, na picha inayobeba upande mmoja tu haifiki. Ikiwa tamu tupu inakuwa kadi ya posta. Ikiwa chungu tupu inakuwa matanga.

Mfano mkubwa wa hamu katika rangi zisizo na sura haukutoka kwa mchoraji. Ulitoka Gee's Bend, kijiji cha Waamerika Weusi kwenye kona ya Mto Alabama, ambako wanawake wameshona mablanketi ya viraka kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1942 Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alikata nguo za kazi za marehemu akazishona kuwa blanketi. Halina sura ya marehemu wala herufi za jina lake. Kuna mapande ya vitambaa vilivyochakaa na mistari isiyonyooka sana, na umbo lote linatosha kumfunika mtu. Katika mablanketi mengi ya kijiji hicho yaliyotokana na nguo za kazi utaona alama nyeusi zaidi mahali mfuko ulipobanduliwa: kitambaa cha chini hakikupigwa na jua, kikabaki na rangi yake ya mwanzo. Hiyo alama ndiyo hamu yenyewe. Rangi iliyochujuka inaonyesha muda uliopita, na kiraka kilichobaki kikali kinaonyesha jinsi ilivyokuwa.

Mchoraji anaweza kujenga jambo hilohilo kwa makusudi. Weka chini rangi iliyokolea, ikauke, kisha ifunike kwa utando mwembamba wa rangi iliyopoa, na uache sehemu chache bila kufunikwa. Sehemu zilizoachwa ziwe ndogo. Zikizidi kama moja ya kumi ya eneo lote, macho huacha kuziona kama mabaki na kuanza kuziona kama mapambo.

Jambo jingine la kujua: huwa tunazikumbuka rangi zikiwa zimekolea kuliko zilivyokuwa kweli. Tunalikumbuka embe likiwa la njano zaidi ya embe, na bahari ikiwa ya feruzi zaidi ya bahari. Ndiyo maana kuchora rangi za kumbukumbu kwa kunakili picha ya simu huleta kazi baridi. Andika orodha ya rangi kabla hujafungua picha yoyote, zichanganye kutoka kichwani, kisha ukitaka ulinganishe. Pale orodha yako inapotofautiana na picha ndipo kumbukumbu ilipokaa, na tofauti hiyo usiisahihishe.

Tuchukue kumbukumbu moja tuifanyie kazi: uwanja wa kuanikia karafuu Pemba wakati wa msimu. Karafuu huchumwa zikiwa matumba ya maua, ya kijani yanayoanza kuingia uwaridi, huchambuliwa makonyo, kisha huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa za jua hadi zigeuke kahawia. Kumbukumbu hii inafaa kwa sababu ina mwendo ndani yake, kutoka kijani hadi kahawia. Orodha ya rangi tano inatosha: jamvi, chokaa ya ukuta, kijani cha karafuu mbichi, kahawia ya karafuu kavu, na uwaridi.

Kosa la kawaida hapa ni kuzipa rangi zote tano eneo sawa. Kumbukumbu haigawi sawa. Jaribu jamvi asilimia 50 ya turubai, chokaa 20, kijani 15, kahawia 10, na uwaridi 5. Uwaridi ukibaki kwenye asilimia hizo tano utaonekana kutoka ng'ambo ya chumba, kwa sababu ni mchache na kwa sababu kijani kilicho kando yake kinausukuma. Ukiongezwa hadi asilimia 20 unapotea, ingawa ni mwingi zaidi.

Hakuna anga katika orodha hiyo, na ni kwa makusudi. Weka bluu juu na mstari mmoja wa mlalo katikati, na mtazamaji ameshaona bahari; hutamtoa hapo tena. Duara la chungwa ni jua kabla hujaweka brashi chini. Ukitaka hivyo, sawa. Usipotaka, ondoa mstari, usimamishe, au ukate mara mbili.

Furaha

Mchoraji Mmarekani Alma Thomas alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1891, na familia yake ikahamia Washington, D.C. mwaka 1907. Mwaka 1924 alikuwa mhitimu wa kwanza wa masomo ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard. Kwa miaka 35 alifundisha watoto sanaa katika shule ya Shaw, akastaafu mwaka 1960, na hapo ndipo kazi tunayomjulia ilipoanza. Alikuwa anasumbuliwa na baridi yabisi mikononi. Sebuleni kwake kulikuwa na dirisha kubwa lililotazama mti, na mwanga uliopita kati ya majani ndio aliougeuza kuwa vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa safu au kwa duara ndani ya duara. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Alifariki mwaka 1978. Kazi yake ya duara ya mwaka 1966 iitwayo "Resurrection" iliingia katika mkusanyo wa Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Obama.

Inafaa kueleza kwa nini kazi zake zinachangamsha, maana wengi hudhani siri ni rangi kali. Tazama kwa karibu. Kati ya vipande kuna mianya ambamo weupe wa turubai unaonekana. Mianya hiyo ndiyo pumzi. Inazuia rangi mbili zilizokolea zisigombane, na kwa sababu haina upana sawa, macho hurukaruka kama miguu inayocheza. Vipande vyenyewe ni vya ukubwa unaokaribiana bila kulingana. Mistari ya penseli ya kuongoza mkono imeachwa palepale katika baadhi ya kazi, na mkono wenyewe haukuficha kwamba ni mkono.

Furaha, kwa hiyo, ni mdundo kwanza. Rangi inafuata mdundo. Ngoma ikipigwa bila kunyamaza hata kidogo haichezeki, na picha iliyojazwa rangi kali kutoka ukingo hadi ukingo inachosha kwa namna hiyohiyo. Chukua vipimo hivi kama pa kuanzia: brashi bapa ya sentimita 2, pigo la urefu wa sentimita 3 hadi 4, mwanya wa milimita 2 hadi 6. Piga safu nzima kwa rangi moja kabla ya kuhamia nyingine. Usirudie pigo lililokwisha tua. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, ikianza kukauka kisha ikaguswa tena hubanduka na kuacha ukingo wenye manyoya.

Kisha pima mwanga. Piga picha kwa simu, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa picha nzima imekuwa kijivu kimoja, rangi zako zina aina tofauti lakini mwanga mmoja. Hilo si kosa kila wakati. Nyekundu na kijani zenye mwanga sawa zikigusana mpaka wake hutetemeka, na mtetemo huo ukiwa sehemu moja unaleta msisimko. Ukienea turubai nzima, mtazamaji anaumwa macho. Kwa kazi ya furaha, ngazi tatu za mwanga zinazoonekana wazi kwenye picha ya kijivu zinatosha, na ile ya giza ndiyo iwe chache kuliko zote.

Kwetu

Kuwa wa mahali ni jambo gumu zaidi kuliko hamu na furaha, kwa sababu si hisia ya kupita. Ni uhusiano. Ndiyo maana kanga inafundisha vizuri hapa. Sehemu ya katikati iliitwa mji, na mji unahitaji mpaka ili uwe mji. Pindo linamwambia mtazamaji: kuna ndani na kuna nje. Toa pindo kwenye kanga, na ubaki na mji tu, una kitambaa cha gauni. Ni kizuri, lakini hakimweki mtu ndani.

Asili ya kanga yenyewe ni kazi ya kuunganisha. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja. Mombasa bado huitwa leso. Vipande vya kigeni vilishonwa vikawa chetu.

Mwaka 1911, Paris, mchoraji Sonia Delaunay, mzaliwa wa Ukraine, alimshonea mwanawe mchanga blanketi la viraka kwa namna ya wakulima wa kwao. Ni la takriban sentimita 109 kwa 81. Lilikusudiwa kitanda cha mtoto, lakini vipande vile vilivyokaa pamoja bila kufanana na kitu vilikuja kuwa hatua muhimu kuelekea uchoraji wake dhahania, na leo blanketi liko katika jumba la taifa la sanaa ya kisasa la Ufaransa. Alikuwa mbali na kwao, akaweka kwao mahali mwanawe alipolala.

Etel Adnan, mshairi na mchoraji, alikwenda njia nyingine. Alizaliwa Beirut mwaka 1925, mama Mgiriki wa Smyrna na baba Msiria, akasomeshwa kwa Kifaransa. Wakati wa vita vya uhuru wa Algeria aliona ni vigumu kuendelea kuandika kwa lugha hiyo, akageukia rangi, akisema sasa anachora kwa Kiarabu. Huko California alipokuwa akifundisha, Mlima Tamalpais ukawa kituo chake. Aliuchora miaka nenda miaka rudi. Aliiweka turubai ndogo imelala mezani, akakamua rangi kutoka kwenye tyubu na kuitandaza kwa kisu, na kwa kawaida akaimaliza kwa kikao kimoja. Mara nyingi mlima umebaki pembetatu, na jua mraba au duara. Umbo moja likirudiwa vya kutosha huwa nyumbani, hata kwa mtu ambaye nyumbani kwake kumetawanyika. Alifariki Paris mwaka 2021.

Kwa vitendo, njia ya uhakika ya kufanya rangi za picha zionekane za ukoo mmoja ni rangi mama. Chagua rangi moja, katika mfano wetu ni ile ya jamvi, na uitie kidogo katika kila mchanganyiko mwingine, kama sehemu 1 kwa kila sehemu 10. Kijani kitakuwa na jamvi ndani yake, kahawia vilevile, hata chokaa. Macho hayawezi kuitaja lakini yanaihisi. Ukizidisha, sehemu 1 kwa 3 kwa mfano, rangi zote huanza kufanana na picha hulala. Acha rangi moja tu isiyotiwa rangi mama. Hiyo itakuwa mgeni, na picha yenye mgeni mmoja huonyesha ukoo vizuri zaidi kuliko picha isiyo naye.

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya uchoraji vya mbali havitaitaja. Rangi zinazokutana hapa kwetu zimeshachukuliwa. Kijani, njano, nyeusi na bluu zikikatwa kwa mshazari ni bendera ya Tanzania, upende usipende. Nyeusi, nyekundu na kijani kwa mlalo, zikitenganishwa na mistari myeupe, ni Kenya. Kijani na njano pamoja zinaitwa Yanga, nyekundu na nyeupe zinaitwa Simba. Nyekundu, nyeusi na nyeupe katika madoa ya kufuatana ni kisutu, na kisutu ni harusi. Nili iliyokaribia weusi ni kaniki. Nyeupe tupu inaweza kuwa ihramu au sanda kabla haijawa mwanga. Mchoraji asiyezijua maana hizi atashangaa watu wanaona nini katika kazi yake, na anayezijua anaweza kuzitumia. Kuvunja usomaji wa bendera ni rahisi: badili mwanga wa rangi moja kati ya zile, au weka ya tano kati yake.

Kuandaa na kupaka

Kwa kazi ya sentimita 60 kwa 80 unahitaji kitambaa cha 70 kwa 90, ili kubaki na sentimita 5 kila upande za kukunja juu ya fremu. Turubai ya pamba ndiyo bora. Isipopatikana, marekani nzito inafaa. Jina hilo lenyewe limebaki tangu karne ya 19, vitambaa vya pamba vilipoletwa Zanzibar kutoka Marekani. Marekani nyepesi usiitumie, hulegea ikilowa na haikazi tena. Piga pini kuanzia katikati ya kila upande ukielekea pembeni, upande huu kisha ule unaoelekeana nao. Ukianza pembeni utapata mikunjo ambayo rangi yoyote itaionyesha.

Paka jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili (mara mbili), kama mililita 70 hadi 100 kwa kila mkono, wa pili ukipita kinyume cha wa kwanza. Acha saa moja au zaidi katikati, piga msasa laini namba 220, futa vumbi. Usiweke rangi ya mafuta ya milango kama msingi kisha akriliki juu yake: akriliki haishiki kwenye mafuta, na itabanduka kama ganda la yai. Rangi ya maji ya ukutani inaweza kutumika kwa mazoezi, lakini nyingi za bei nafuu zina chokaa nyingi ya kujazia, hivyo rangi hukauka ikiwa na unga na haikolei hata ukipaka mara nne.

Unaponunua tyubu, soma nyuma yake. Jina la mbele ni la biashara. Herufi na namba ndogo nyuma ndizo zinazotaja pigimenti, yaani unga unaotoa rangi yenyewe. Kwa kazi tunayoizungumzia, PW6 ni nyeupe, PB29 ni bluu ya ultramarini, PY74 au PY3 ni njano, PR122 ni majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), PY42 au PY43 ni okra (njano ya udongo), na PBr7 ni kahawia ya udongo. Epuka PR83 ikiwa picha itapata mwanga wa dirisha, kwa sababu hufifia. Rangi za kung'aa za fluoresenti hufifia upesi zaidi, na hilo linauma, kwani wanaozipenda ni wale hasa wanaotaka furaha idumu.

Michanganyiko ya mfano wetu, kwa sehemu: jamvi ni nyeupe 6, okra 2, na ncha ya kahawia. Chokaa ni nyeupe 20 kwa okra 1. Nyeupe tupu kutoka kwenye tyubu ni baridi mno na itatoboa tundu kwenye picha. Kijani ni njano 4 kwa bluu 1, kisha chembe ya majenta ya kukituliza. Kahawia nzito ni PBr7 ya udongo uliochomwa sehemu 3 kwa bluu 1. Uwaridi ni nyeupe 5 kwa majenta 1, na nukta ya njano, kwani nyeupe huipoza kila rangi inayoingia.

Rangi ikigeuka tope, kwa kawaida umechanganya zaidi ya pigimenti tatu, au umekutanisha rangi mbili kinzani bila kukusudia. Zambarau ndiyo inayoumiza wengi: nyekundu yenye uchungwa ikikutana na bluu hutoa hudhurungi chafu, kwa sababu uchungwa ni njano iliyojificha, na njano ni kinyume cha zambarau. PR122 na PB29 hutoa zambarau safi. Tope ukishalipata usilitupe. Tia nyeupe, una kijivu chenye joto ambacho hakuna tyubu inayokiuza, na kijivu hicho ni utando mzuri wa hamu.

Akriliki hukauka ikiwa na giza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi yake ni nyeupe ikiwa na maji na huwa wazi ikikauka. Paka alama kwenye karatasi, isubiri, ndipo uamue. Katika joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga rangi kwenye sahani inaweza kuanza kugandamana ndani ya dakika kumi, zaidi ukiwa na feni. Tandika kitambaa kilicholowa chini ya karatasi ya kuokea, weka rangi juu ya karatasi, na upulizie maji mara kwa mara. Usiizimue kwa maji kupita theluthi moja. Gundi hupungua, na rangi iliyokauka itatoka kwenye kidole.

Utando unahitaji kimiminika maalumu cha akriliki, si maji. Rangi 1 kwa kimiminika 10, ipakwe juu ya sehemu iliyokauka kabisa. Kwa kazi ya karafuu, utando wa okra juu ya picha yote hugeuza mwanga kuwa wa saa kumi alasiri. Mara moja, kabla haujashika, futa utando juu ya uwaridi kwa kitambaa chenye unyevu. Una dakika mbili, pengine pungufu. Hapo ndipo ile asilimia tano inapofunguka.

Kwa mpaka mkali wa pindo, bandika tepu, kisha pitisha juu ya ukingo wake rangi ileile iliyo chini. Itaziba nyufa, na rangi mpya haitapenya. Bandua tepu rangi ikiwa bado na unyevu, ukiikunja kuelekea nyuma. Kama unataka pindo la mkono, pasipo tepu, lichore kwa bega badala ya kifundo cha mkono. Mstari wa kifundo hutetemeka, wa bega huyumba, na kuyumba kunapendeza.

Kabla ya kutia vanishi subiri angalau siku tatu kwa rangi nyembamba, wiki mbili kwa iliyopakwa kwa kisu. Pwani, usiibane picha moja kwa moja ukutani: gundi vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe nne ili hewa ipite, la sivyo ukungu utaanza nyuma ya turubai na utauona umeshafika mbele.

Limebaki jina. Thomas aliziita kazi zake kwa maua, upepo na safari za angani. Kanga inaandika yake mchana kweupe. Jina la picha dhahania lisieleze kila kitu na lisifiche kila kitu. "Kumbukumbu Namba 4" halimpi mtu pa kushika. "Uwanja wa Karafuu wa Bibi, Wete, Mwezi wa Tisa" linamfungia mtazamaji mlango. "Kabla ya Kuanua" linatosha: aliyewahi kuanika kitu juani ataingia, awe wa Pemba au wa Kilwa. Liandike nyuma kwa penseli, kwenye mbao ya fremu, pamoja na mwaka na namba za pigimenti ulizotumia, ili atakayekuja kuitengeneza picha hiyo ajue ni kijani gani kilikuwa kwao.